Kutazama Ndege Kwenye Mlango wa Mto Sabaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yametokana na maswali ambayo wageni na wenyeji wa Malindi huniuliza kila wanaponikuta mchangani nikiwa na darubini shingoni. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo jambo lenyewe linadai maelezo, na kwa kifupi pale ambapo halidai.

Mlango wa Sabaki uko wapi, na kwa nini ndege wanapapenda?

Mto Sabaki unaingia katika Bahari ya Hindi takriban kilomita 5 kaskazini mwa mji wa Malindi, katika Kaunti ya Kilifi, kabla hujafika Mambrui. Ni mto uleule unaoitwa Athi unapotoka upande wa Nairobi na kupita Ukambani, ukaitwa Galana baada ya kuungana na mto Tsavo, na ukifika pwani wenyeji wakauita Sabaki. Katika safari hiyo ya karibu kilomita 390 mto huokota udongo mwingi, na udongo huo ndio unaoeleza karibu kila kitu utakachokiona ukifika. Pale maji ya mto yanapokutana na maji ya chumvi, mwendo wake hulegea na mzigo wake hutuliwa: hapo ndipo yanapozaliwa mafungu ya mchanga, tambarare za tope, vidimbwi vya nyuma ya vilima vya mchanga na ukingo wa mikoko.

Ndani ya tope hilo mna minyoo, kaa, konokono wadogo na viumbe wengine wasiohesabika. Kwa hiyo ndege wanakuja kwanza kula, na pili kupumzika mahali palipo wazi ambapo adui huonekana angali mbali. Shirika la BirdLife limepaorodhesha miongoni mwa maeneo muhimu kwa ndege duniani, lakini mlango wenyewe si hifadhi ya taifa, na watu wa Sabaki na Mambrui wanavua, wanachunga na kupita hapo kila siku.

Niende saa ngapi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jibu lake halimo kwenye saa ya mkononi bali kwenye maji. Mtu aliyezoea kutazama ndege msituni ataamka alfajiri kwa sababu ndege wa msituni huchangamka asubuhi. Kwenye mlango wa mto, kitwitwi, yaani ndege wadogo wa ufukweni, hula usiku na mchana, mradi tope liko wazi. Maji yakijaa huacha kula na kupumzika, iwe ni saa sita ya mchana au saa sita ya usiku. Anayefika asubuhi na mapema maji yakiwa yamepwa kabisa atakuta ndege wametawanyika kwenye tambarare nzima, wengine mbali kiasi kwamba hata darubini nzuri inawaonyesha kama punje za pilipili manga. Hurudi nyumbani akisema Sabaki hakuna ndege.

Maji yanapojaa, tope hupungua hatua kwa hatua na ndege husukumwa pamoja, kutoka fungu moja hadi jingine, mpaka wote wanakusanyika kwenye mafungu machache ambayo maji hayajayafikia. Basi fika saa mbili na nusu hivi kabla maji hayajajaa, tafuta mahali pa kukaa juu ya alama ya maji, na uwaache ndege waje kwako. Ukitoka baada ya maji kuanza kupwa utawaona wakitawanyika tena kwa mpangilio, kwani wale wenye miguu mirefu huweza kuanza kula maji yangali ya kina kidogo, na wale wafupi husubiri.

Katika pwani yetu, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu ndizo siku za bamvua. Katika siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu huweza kuzidi mita 3, na maji hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, huku yakipwa sana karibu na saa nne. Kila siku ipitayo saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja yanakuja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, na ndege hubaki wametawanyika siku nzima. Ukiweza kuchagua, chagua bamvua ya jioni, kwa sababu nyingine ya ziada: bahari ya Malindi iko mashariki, na anayetazama mafungu ya mlangoni asubuhi hulitazama jua usoni, asione rangi yoyote isipokuwa vivuli vyeusi. Saa kumi jioni jua liko mgongoni mwako, maji yamejaa, na kila unyoya unaonekana.

Jedwali la maji la Kilindini, linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, linatosha kabisa kwa Malindi. Usipolipata, muulize mvuvi yeyote.

Ni miezi gani iliyo bora?

Kuanzia Agosti na Septemba ndege wanaohama huanza kufika kutoka kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati wa kaskazi, mlango huwa umejaa. Mwezi wa Aprili ndio wa kuondoka, nami naupenda kuliko miezi mingine yote. Ndege ambao tangu Novemba walikuwa wa kijivu na weupe, wakifanana hata kumchosha mtazamaji, huanza kuvaa rangi za msimu wao wa kuzaa huko kaskazini: kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini, *Calidris ferruginea*, anageuka mwekundu kama tofali kuanzia kifuani, kidogo kidogo, na kwenye kundi moja utawaona walioanza, waliofika nusu na waliokamilika.

Wapo wanaodhani kwamba kusi, upepo wa kusini, ikivuma hakuna la kuona. Si kweli. Baadhi ya ndege wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa hubaki hapa mwaka mzima, na juu ya hao anakuja mgeni kutoka upande wa pili, ambaye nitamweleza chini.

Vitwitwi wote naona ni wamoja. Nitawatofautishaje?

Usianze na rangi. Rangi hubadilika kwa msimu, kwa umri na kwa mwanga, na imewakatisha tamaa watu wengi waliokuwa na macho mazuri. Anza na ukubwa, kisha mdomo, kisha mwendo.

Mdomo hukuambia ndege anakula nini na anakipata kina gani. Sululu, *Numenius phaeopus*, ana mdomo mrefu uliopinda chini kama sululu ya kuchimbia, na milia miwili myeusi kichwani. Binamu yake mkubwa, *Numenius arquata*, hana milia hiyo na mdomo wake ni mrefu zaidi. Ukiona mdomo umepinda juu, na ndege mwenyewe ana miguu mifupi ya rangi ya chungwa, huyo ni *Xenus cinereus*, anayezaa kuanzia Ufini hadi Siberia.

Mwendo ni shahidi bora kuliko vyote, maana unaonekana hata ndege akiwa mbali na jua likiwa baya. Huyo *Xenus* hukimbia ameinama, kichwa chini, akikata kona ghafla kana kwamba ameangusha kitu na anakifukuza. Anachofukuza ni kaa. Wale wadogo weupe wanaofuata wimbi linaporudi na kulikimbia linapokuja, miguu ikienda kasi usiweze kuihesabu, ni *Calidris alba*. Ndege wanaokimbia hatua chache, wakasimama kimya kama walioitwa, wakadona, wakakimbia tena, ni wa jamii nyingine kabisa: hao hutafuta chakula kwa macho yao makubwa. Vitwitwi wenyewe hutafuta kwa kupapasa, mdomo ukiingia na kutoka kwenye tope kama sindano ya cherehani.

Niliwahi kukaa karibu na sululu mmoja, hatua kama kumi na tano hivi, aliyekuwa amenasa kaa mdogo wa tope, wale wenye gando moja kubwa. Hakummeza. Alimshika kwa gando, akamtikisa mpaka kaa akaanguka na gando likabaki mdomoni; akalitupa, akamwokota tena kaa, akamtikisa kwa mguu, kisha akamtembeza hadi kwenye kidimbwi, akamsuuza tope, na ndipo akammeza. Kazi nzima ilichukua dakika moja au pungufu. Dakika kama hiyo hukufundisha ndege huyo kuliko kurasa kumi za maelezo, na hutamsahau tena.

Usione haya kuandika katika daftari lako kwamba hukumtambua ndege fulani. Shakwe wachanga na wale buabua wadogo wa aina mbili, *Sternula albifrons* na *Sternula saundersi*, huwashinda hata waliozoea, hasa nje ya msimu wa kuzaa.

Ni ndege gani wa pekee ambao watu husafiri kuja kuwaona Sabaki?

Wa kwanza ni yule mgeni wa kusi niliyemtaja, *Glareola ocularis*. Anazaa Madagaska, na wakati wa baridi ya huko huvuka bahari na kukaa pwani ya Afrika Mashariki, kati ya Aprili na Septemba hivi. Ni ndege wa kahawia mwenye mabawa marefu yaliyochongoka na mstari mweupe chini ya jicho. Akiruka utadhani ni mbayuwayu aliyekua kupita kiasi, kwa kuwa huwanasa wadudu angani. Akitua mchangani, kundi zima hupotea machoni pako ingawa unalitazama. Sabaki ni mojawapo ya mahali pachache duniani ambapo mtu anaweza kutegemea kuwaona kwa mamia, na pengine zaidi.

Wa pili ni *Calidris falcinella*, kitwitwi mdogo mwenye mistari miwili juu ya kila jicho, ambaye kwingi nchini Kenya ni bahati kumwona na hapa huonekana mara kwa mara. Katika nyanda za majani zilizo nyuma ya pwani yupo *Anthus melindae*, ndege mdogo wa kahawia anayetembea chini, aliyepewa jina la Malindi yenyewe na ambaye haishi popote duniani isipokuwa ukanda mwembamba wa pwani ya Kenya na Somalia. Hana rangi za kujivunia, na wageni wengi humpita. Mimi kila nikimwona husimama.

Ongeza hapo heroe, mwari, makundi ya buabua wanaolala kwenye mafungu, shakwe wa aina kadhaa, na kati ya Novemba na Machi keremkerem wekundu wanaopita juu jioni wakienda kulala mikokoni.

Kuna tofauti gani kati ya Sabaki na Mida?

Mida, karibu na Watamu, ni hori: mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ukazungukwa na mikoko, bila mto mkubwa unaomwaga maji humo. Maji yake kwa hiyo ni safi na ya chumvi, na tope lake si jekundu. Iko ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu, na ipo njia ya mbao inayopita juu ya mikoko hadi kwenye banda la kutazamia, ambayo kwa mtu mzee au mwenye watoto wadogo ni nafuu kubwa.

Anayekwenda Mida huenda hasa kwa ajili ya *Dromas ardeola*, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama kisu cha kupasulia, maana chakula chake ni kaa. Huyu anazaa kandokando ya Bara Arabu na Ghuba, Oman ikiwemo, na huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu jeupe, akiliachia joto la ardhi sehemu kubwa ya kazi ya kuatamia. Ukimpata Mida mwezi wa Oktoba au Novemba, tafuta mwenye mgongo wa kijivu pembeni ya mweusi. Huyo ni mtoto wa mwaka huo, amevuka bahari pamoja na mzazi wake na bado anamfuata nyuma akilia, akingoja kupewa kaa.

Nibebe vifaa gani?

Darubini ya 8x42 inatosha kabisa kuanzia. Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengi hukimbilia 10 au 12 wakidhani kubwa ndiyo bora, lakini upepo wa pwani hutikisa mikono, na kadiri darubini inavyovuta ndivyo inavyokuza mtikisiko huo. Darubini kubwa ya kusimamishwa kwenye miguu mitatu inasaidia sana mlangoni kwa sababu ya umbali, na kundi la watu watano linaweza kushirikiana moja. Hata hiyo haitakufaa kati ya saa nne na saa nane mchana, wakati mazigazi yanapopanda kutoka mchangani na kila ndege akaonekana anayeyuka.

Beba maji ya kunywa ya kutosha, kofia, nguo za mikono mirefu za rangi iliyofifia, viatu visivyoogopa tope, na daftari na penseli. Wino wa baadhi ya kalamu huyeyuka ukiguswa na maji ya chumvi.

Je, ni salama kutembea pale?

Ni salama kwa anayejua mahali pa kukanyaga. Katika Sabaki wapo viboko na mamba, hadi karibu kabisa na mlango, na viboko hutoka majini jioni kwenda kula. Usitembee kwenye magugu ya ukingoni jioni inapoingia, wala usivuke mto kwa miguu hata kama maji yanaonekana kufika magotini. Tope la pembeni mwa mkondo huweza kukumeza hadi mapajani.

Hatari ninayoihofia zaidi, hata hivyo, ni ile ya maji yanayokuja kwa upole. Katika miaka yangu ya mwanzo nilivuka mfereji mdogo uliokuwa mkavu kufuata kundi la buabua kwenye fungu la nje, nikaweka jicho kwenye darubini, na nilipoliinua mfereji ulikuwa mto. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anarudi na mtumbwi alinipigia kelele, akaja kunichukua bila kuniuliza neno. Tulipofika ng'ambo ndipo aliposema, "Mwanangu, leo bamvua. Fungu lile saa kumi haliko." Nilimshukuru, na tangu siku hiyo sivuki mfereji wowote bila kusimika kijiti ukingoni mwa maji na kukitazama kila baada ya dakika chache.

Niwakaribie ndege kiasi gani?

Jibu sahihi si hatua kadhaa, kwa sababu kila aina ina uvumilivu wake, na ndege aliyefukuzwa na mbwa asubuhi hatakuvumilia jioni. Watazame wao. Ndege anayekula au aliyeficha mdomo mgongoni ametulia. Vichwa vikiinuka vyote kwa pamoja, umeshakaribia kupita kiasi. Simama hapohapo, chuchumaa, na ikibidi rudi nyuma. Wakianza kutembea kwa pamoja upande mmoja, dakika inayofuata wataruka.

Watu huniambia, "Wakiruka si watatua tena?" Ndiyo, watatua, lakini kuruka huko kuna gharama. Yule kitwitwi mwekundu wa Aprili ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai moja la kuku, na anatakiwa kufika Siberia ya kaskazini kabisa. Katika wiki zake za mwisho hapa hula bila kupumzika hadi mafuta yanaweza kuongeza uzito wake kwa nusu nzima, na mafuta hayo ndiyo chakula chake chote cha njiani. Kila anaporushwa bure anachoma kidogo ya akiba hiyo, na anaporushwa wakati maji yamejaa hana hata mahali pa kwenda kuifidia, kwa kuwa tope lote limefunikwa. Mtu mmoja akimrusha mara moja, atavumilia. Akirushwa na kila mtembezi, kila mpiga picha, kila mbwa na kila pikipiki ya mchangani kuanzia asubuhi hadi jioni, ataondoka akiwa mwepesi, na mwepesi hafiki. Mnamo Oktoba 2024 ndege huyu na *Calidris falcinella* walihamishiwa kwenye daraja la walio hatarini katika orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, kutokana na kupungua kwa idadi yao duniani. Sisi tunaowapokea kwa miezi saba ya mwaka tuna sehemu yetu katika hesabu hiyo.

Kaa chini na ungoje. Anayekaa kimya dakika arobaini huwaona kwa karibu kuliko anayewafuata saa tatu.

Naruhusiwa kupiga picha, na je, ndege isiyo na rubani?

Piga picha ukiwa umekaa. Droni usiirushe juu ya ndege waliopumzika hata kidogo. Kwao kitu kinachoning'inia angani ni mwewe. Zaidi ya hayo, nchini Kenya droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Kwa nini bahari ya Malindi ni nyekundu, na je, ni vibaya kwa ndege?

Mvua zikinyesha bara, udongo wa mashamba na malisho ya Athi hushuka mzima hadi Malindi, na maji ya bahari hubadilika rangi hadi mbali. Kwa matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, tope hilo ni balaa, kwa sababu matumbawe yanahitaji mwanga na maji safi. Kwa vitwitwi, tope hilohilo ndilo meza yao. Kwa hiyo yeyote anayekuambia kwamba tope ni baya tu, au ni jema tu, ametazama upande mmoja wa mto.

Ninachokifuatilia kwa wasiwasi ni kinachoendelea juu. Kilimo cha kumwagilia katika Galana hunywa maji ya mto huu, na bwawa la Thwake huko Makueni linajengwa kukusanya maji ya Athi pamoja na udongo wake. Watu wa huko wanahitaji maji, na sina haki ya kuwanyima. Lakini mlango wa mto unajengwa upya kila mwaka na udongo unaoshuka, huku mawimbi yakiula kila siku. Udongo ukikatika, mawimbi hayatakatika. Ningependa hesabu ya maji ya mto huu ianzie Makueni na ifike hadi Sabaki, na ndege wawe miongoni mwa wanaohesabiwa.

Nahitaji mwongozaji?

Si lazima, lakini kwa safari ya kwanza namshauri kila mtu achukue kijana wa kijijini anayeyajua mafungu, kwa sababu mafungu huhama na ramani ya mwaka jana haikusaidii. Ukitoka Malindi, panda matatu ya Mambrui, ushuke baada ya daraja la Sabaki. Kutoka kijijini ni mwendo wa miguu kufuata ukingo hadi baharini. Pita kwa wenyeji, salimia, ueleze unachokwenda kufanya.

Kumbukumbu zangu zina faida yoyote?

Zina faida kubwa, hata ukiwa umetambua aina tano tu, mradi umeandika tarehe, saa, hali ya maji na idadi uliyoihesabu kweli. Unaweza kuziingiza kwenye mradi wa Kenya Bird Map, unaoigawa nchi katika viwanja vya takriban kilomita 9 kwa 9, au kwenye eBird, mtandao wa kumbukumbu za ndege. Kila Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini katika Afrika nzima, na Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909, hukaribisha wanaojitolea.

Ukiona ndege mwenye pete au kibendera cha plastiki mguuni, andika rangi yake, mguu gani, juu au chini ya goti, na herufi zilizoandikwa, zote au ulizoziona. Usijaribu kumkamata. Ukimwokota mwenye pete akiwa amekufa, taarifa ipelekwe Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Mimi niko Tanzania. Kuna mahali kama hapa?

Papo, tena pakubwa. Mlango wa mto Wami ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani hufikika kwa boti, na delta ya Rufiji pamoja na Mafia na Kilwa iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, unaohusu ardhioevu, mwaka 2004. Kwa upande wa Kenya, delta ya Tana iliingia katika orodha hiyo mwaka 2012. Kanuni ya maji ni ileile kote.

Nina siku moja tu Malindi. Niitumieje?

Tazama mwezi kwanza. Kama ni bamvua, asubuhi pumzika au tembelea nyanda za majani kumtafuta *Anthus melindae* kabla jua halijawa kali. Saa saba na nusu mchana uwe umevuka daraja, na kufikia saa nane uwe umekaa juu ya alama ya maji, jua likianza kuhamia mgongoni mwako. Hesabu walio karibu kwanza. Kufikia saa tisa mafungu ya nje yataanza kuzama, na vikundi vitakuja vikiruka chini chini juu ya maji, kumi, ishirini, mia, wakigeuka pamoja, weupe kisha kijivu. Usiondoke saa kumi maji yanapojaa, kama wengi wafanyavyo. Subiri hadi saa kumi na moja na nusu, ukiwa mbali na magugu ya ukingoni, kwa kuwa wakati huo buabua hurudi kutoka baharini walikovua siku nzima, na wanapotua kila mmoja hutafuta nafasi yake kwenye mchanga uliobaki, wote wakielekeza midomo upande unakotoka upepo.